Daftari la Mgonjwa: Kuandika Kila Siku na Chimbuko la Shukrani

Neema inayosahauliwa upesi kuliko zote ni ile iliyowaenea watu wote, na jambo hili liliwashughulisha wanazuoni karne nyingi kabla ya wanasaikolojia kulifanyia majaribio. Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilijadili katika kitabu cha subira na shukrani kilichomo ndani ya Ihya Ulum al-Din, na mfano alioutoa ni wa hewa: watu hawashukuru kwa kuvuta pumzi kwa sababu kila mtu anavuta, lakini mtu akikabwa koo kitambo kidogo, au akifungiwa ndani ya kisima chenye hewa nzito kisha akaopolewa akiwa hai, huenda siku hiyo akaihesabu pumzi kuwa ni neema. Kwa hoja hiyo, kinachomnyima binadamu shukrani ni mazoea, yaani ile hali ya jambo kurudiwa mara nyingi hata akili ikaacha kulitambua, ingawa macho yanaendelea kulitazama kila siku.

Mazoea hayo hula hata muda wenyewe. Mwaka 1897 Leo Tolstoy aliandika katika shajara yake, yaani daftari ambamo mtu huweka habari za siku zake, kwamba alikuwa akipangusa vumbi chumbani na, alipolifikia kochi, akashindwa kukumbuka kama alikwisha kulipangusa au la. Akaona kwamba maisha yanayopita namna hiyo, bila mwenyewe kuyatambua, ni kama hayakuwapo. Mhakiki Mrusi Viktor Shklovsky alilichukua dokezo hilo mwaka 1917 na kulijengea nadharia kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kitu kilichozoeleka kionekane kigeni tena. Shklovsky alikuwa na sanaa kubwa akilini, riwaya na mashairi, ilhali sura hii inashughulikia jambo dogo zaidi, ambalo ni mistari michache inayoandikwa kila siku na mtu ambaye pengine hatasomwa na yeyote.

Ili kuona mistari hiyo inafanya kazi gani, inafaa kurudi kwa al-Ghazali, aliyeigawa shukrani katika mambo matatu yanayofuatana: elimu, hali na amali. Elimu ni kuitambua neema yenyewe na kumtambua aliyeitoa. Hali ni furaha inayouingia moyo kutokana na utambuzi huo. Amali ni vitendo vinavyofuata. Mpangilio huu ni muhimu kwa sababu unaiweka furaha katika nafasi ya pili. Hakuna awezaye kuuamuru moyo wake ufurahi, ila kila mtu anaweza kuyaamuru macho yatazame na mkono uandike kilichoonekana, na moyo ukapata cha kufurahia. Katika kitabu kingine cha Ihya, kinachohusu muraqaba na muhasaba, yaani kujichunga na kujihesabu, mwanachuoni huyo huyo aliueleza uhusiano wa mja na nafsi yake kwa mfano wa mfanyabiashara na mshirika wake, ambao huwekeana masharti kabla ya kazi na hukaa kuhesabu faida na hasara baada ya kazi. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao biashara wameijua kwa karne nyingi, husema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo aghalabu humwonya muuza duka anayekopesha bila kuandika, na ukali wake umo katika maneno mawili ya mwisho, kwa kuwa mwenye mali haibiwi wala hapambani na mtu; siku moja huamka akakuta hana kitu na hajui kilikwenda lini. Siku za mtu huondoka kwa utaratibu huo huo.

Mfano ulio wazi wa daftari la siku uliachwa na mtu ambaye hakuwa na mali wala afya. Masaoka Shiki alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Matsuyama, kisiwani Shikoku, nchini Japani, na akiwa bado kijana alianza kutema damu kwa kifua kikuu. Hata jina la Shiki alilojichagulia ni la ndege ambaye Wajapani walisimulia kuwa huimba mpaka akatema damu. Mwaka 1895 alikwenda China kama mwandishi wa habari za vita, akarudi hali imezidi kuharibika, na hatimaye ugonjwa ukaingia katika uti wa mgongo, ukamtoboa matundu yanayotoa usaha. Miaka yake ya mwisho aliimaliza amelala katika nyumba ndogo mtaani Negishi, mjini Tokyo, akiuguzwa na mama yake, Yae, na dada yake mdogo, Ritsu. Akiwa katika hali hiyo ndiye aliyeongoza mageuzi ya haiku, shairi fupi la Kijapani la silabi 17, kwa kuwataka washairi waache mapambo yaliyorithiwa na waandike walichokiona. Kanuni yake aliiita shasei, istilahi iliyotoka katika uchoraji, ambayo ina maana ya kukichora kitu kama kilivyo mbele ya macho, bila kukitia utukufu kisichokuwa nao.

Mwishoni mwa mwaka 1899 milango ya karatasi ya chumba chake iliyoelekea bustanini iliwekwa vioo, na kuanzia hapo mgonjwa aliweza kutazama nje hata wakati wa baridi kali. Kilichokuwako huko hakikuwa kikubwa: maua mekundu yenye umbo la kilemba cha jogoo, vichaka vya msimu, na kichanja kilichotambaliwa na mmea wa madodoki, yale yale ambayo watu hujisugulia wakati wa kuoga, na ambao maji yake Wajapani waliyatumia kutuliza kikohozi chenye makohozi. Kutokana na eneo hilo, ambalo mtu mzima angelivuka kwa hatua chache, Shiki alipata mada za mashairi, za michoro na za makala, na hata mashairi matatu aliyoyaandika siku moja kabla ya kufa kwake yanahusu dodoki. Katika miezi ya mwisho, kila dawa ya kutuliza maumivu ilipompa nafuu, alichora matunda na maua kwa rangi, na katika mojawapo ya makala za Agosti 1902 alieleza kwamba akiliweka ua moja kando ya mto wake na kulichora kwa uaminifu, huhisi kama siri za uumbaji zinamfunukia kidogo kidogo. Huko ndiko kustaajabu kwa maana inayokusudiwa katika sura hii: hali ya akili kusimama mbele ya kitu cha kawaida na kukiri kwamba haijakimaliza.

Hata hivyo, aliyeandika hayo hakuwa walii, na daftari lake la siri linathibitisha hivyo. Daftari hilo, linalojulikana kwa jina la Gyoga Manroku, alilianza Septemba 1901, na sehemu kubwa ya kurasa zake ni hesabu tupu: alikula nini asubuhi, mchana na jioni, uji wa mchele bakuli ngapi, samaki mbichi, maziwa na mikate ya sukari kiasi gani, vidonda vilifungwa upya saa ngapi, choo kilikuwaje, na nani alikuja kumjulia hali. Msomaji anayelifungua akitafuta hekima za Mashariki huenda akalifunga upesi. Mwezi wa pili wa daftari hilo una hata kumbukumbu ya siku aliyofikiria kujiua. Lakini ni humo humo, katika kurasa za tarehe 20 na 21 Septemba 1901, ndimo linamoonekana jambo ambalo vitabu vingi vya shukrani hupita bila kuliona.

Tarehe 20 Shiki aliandika malalamiko juu ya Ritsu. Alisema kuwa dada huyo hana huruma, ni mtu wa mti na jiwe, anamuuguza kaka yake kwa kutimiza wajibu lakini hana neno la kumliwaza. Ushahidi alioutoa ni wa mgonjwa kabisa: yeye hurudia kusema kwamba anatamani madonge ya unga wa mchele, na Ritsu husikia, lakini hawazi kwamba anayesema hivyo anataka akanunuliwe; mpaka aambiwe waziwazi ndipo huinuka. Mtu yeyote aliyewahi kuuguza au kuuguzwa nyumbani anaijua hasira ya namna hiyo, ambayo huwa kubwa kuliko chanzo chake.

Siku iliyofuata aliendelea na mada ile ile, ila safari hii alianza kuorodhesha kazi. Ritsu ni muuguzi, na papo hapo ni mtumishi wa jikoni. Ni msimamizi wa nyumba, na ndiye katibu anayemnakilia miswada. Pamoja na hayo yote hatumii hata sehemu ya kumi ya ujira ambao muuguzi wa kuajiriwa angeudai. Chakula chake kikiwa na mboga moja au achari kidogo kinamtosha, wala haelekei kuota kwamba nyama au samaki vinaweza kununuliwa kwa ajili yake. Kisha mwandishi akafikia matokeo ya hesabu yake mwenyewe, kwamba Ritsu akikosekana kwa siku moja tu, shughuli za nyumba zitasimama na yeye Shiki atakuwa karibu kushindwa kuishi.

Malalamiko hayakufutwa. Shiki hakuandika kwamba jana alikosea, wala hakumgeuza dada yake kuwa malaika, na katika kurasa hizo hizo tabia za Ritsu zinaendelea kumuudhi. Kilichotokea ni kwamba mtu aliyeanza kwa kudai aligundua, kwa kuandika kazi moja baada ya nyingine na kutaja hata sahani, kwamba yeye ndiye anayedaiwa. Katika istilahi za al-Ghazali, alipata elimu, na elimu hiyo ilitoka katika undani wa mambo, kwa maana kwamba sentensi ya jumla kama “dada yangu ananisaidia sana” isingeweza kuizaa. Ingekaa kwa amani kando ya lawama za tarehe 20 bila kuzigusa. Ni kweli kwamba al-Ghazali alikusudia elimu inayomfikisha mja kwa Mola wake, na Shiki hakuwa akiandika kwa nia hiyo, kwa hiyo si haki kumvika mmoja joho la mwingine. Njia waliyoipita mwanzoni, hata hivyo, ni moja.

Mwaka uliofuata uandishi wake wa kila siku ulitoka hadharani. Kuanzia tarehe 5 Mei 1902 gazeti la Nippon lilichapisha makala zake fupi kwa jina la Byosho Rokushaku, yaani kitanda cha mgonjwa cha shaku sita. Shaku moja ni kipimo cha karibu sentimita 30, hivyo kitanda chote kilikuwa kama mita 1.8. Alifungua makala ya kwanza kwa kusema kuwa kitanda hicho ndicho dunia yake, na kwamba hata hivyo ni kipana mno kwake, kwa kuwa zipo siku ambazo hawezi kunyoosha mkono nje ya godoro. Kutoka hapo aliandika juu ya uvuvi, picha, matunda, elimu ya wanawake na namna wagonjwa wanavyopaswa kuhudumiwa. Wakati fulani gazeti liliiacha makala yake kwa nia njema ya kumpumzisha, naye akamwandikia mhariri kumsihi asifanye hivyo tena, kwa kuwa uhai wake sasa umo ndani ya makala hizo. Makala ya 127, ya mwisho, ilitoka tarehe 17 Septemba, na mwandishi akafariki usiku wa kuamkia tarehe 19, akiwa na umri wa miaka 34.

Swali linalobaki ni kama mtu mwenye afya anaweza kufaidika na desturi hii, kwa kuwa Shiki alikuwa tayari amekabwa koo, kwa mujibu wa ule mfano wa hewa, na huenda ni ugonjwa uliomfungua macho na kalamu ikafuata tu. Wanasaikolojia wa Marekani walilipima jambo hili kwa njia yao. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, Robert Emmons na Michael McCullough waliwagawa wanafunzi wa chuo kikuu katika makundi: kundi moja liliandika kila wiki, kwa wiki 10, mambo hadi matano ya kushukuru, jingine likaandika kero, na la tatu likaandika matukio yoyote tu. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi na walilalamikia maradhi madogo madogo kwa kiasi kidogo. Jaribio jingine katika utafiti huo liliwahusu watu wenye maradhi ya neva na misuli, walioandika kila siku kwa siku 21, nao walipata nafuu ya moyo na ya usingizi. Uchambuzi wa tafiti nyingi zilizofuata umeonyesha faida ndogo kuliko matumaini ya mwanzo, hasa makundi ya shukrani yanapolinganishwa na watu waliopewa shughuli nyingine yenye manufaa, na anayeuza shukrani kama dawa ya sonona anauza kisichothibitika.

Matokeo yanayomgusa zaidi mwandishi wa kila siku yalitolewa mwaka 2005 na Sonja Lyubomirsky na wenzake, waliowaagiza watu wahesabu neema zao kwa wiki sita, baadhi mara moja kwa wiki na wengine mara tatu. Furaha iliongezeka kwa wale wa mara moja tu. Maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba waliohesabu mara nyingi waliizoea kazi yenyewe, na hivyo mazoea yaliyofukuzwa kwa mlango wa mbele yakaingia kwa mlango wa uani. Matokeo haya yanaweza kuonekana kama hukumu dhidi ya daftari la kila siku, lakini yanahukumu aina moja tu ya daftari. Neema kubwa za mtu, kama afya, wazazi, watoto na riziki, hazibadiliki kati ya Jumatatu na Jumatano, na anayeziorodhesha mara tatu kwa wiki atajikuta ananakili. Dodoki hubadilika kila siku. Madaftari yanayouzwa yakiwa na nafasi tatu zilizopigwa chapa, kila moja ikisubiri neema yake, yanamsukuma mnunuzi katika kunakili huko, na ni heri daftari la shule lisilo na maelekezo yoyote.

Kipimo cha sentensi ya daftari, basi, ni kuuliza kama ingeweza kuandikwa jana bila kubadilisha neno. Mama wa nyumba anayeandika “namshukuru Mungu kwa chakula na familia” ameandika jambo la kweli na la ibada, ambalo hakuna sababu ya kulifuta, lakini angeweza kuliandika hata kama siku nzima hakuwa nyumbani. Akiandika kwamba wali wa leo ulishika chini, kwamba watoto wawili waliugombania ukoko, na kwamba yule mkubwa, baada ya kuukwangua kwa jasho lake, alimkatia mdogo kipande kikubwa kuliko chake akijifanya hajali, amekamata kitu ambacho kesho hakitakuwako. Shukrani haikutajwa humo na haina haja ya kutajwa. Vivyo hivyo, kondakta wa daladala, mwalimu au mlinzi wa usiku hahitaji kusubiri jambo zuri litokee, kwani mvua iliyomlowesha, akiiandika ilivyoanza, ilivyolia juu ya bati na ilivyowakusanya watu wasiojuana chini ya kibaraza kimoja, humrudishia saa ambayo vinginevyo angeihesabu kuwa imepotea.

Lawama nazo ziruhusiwe. Kuna tabia, inayokua katika mahubiri na katika semina za waajiri, ya kumtaka anayeonewa ahesabu neema zake ili anyamaze, na daftari linalokataza manung’uniko huishia kuwa chombo cha tabia hiyo. Hesabu ya tarehe 21 ilikuwa na ncha mbili: ilimfundisha Shiki thamani ya dada yake, na papo hapo ikaweka wino juu ya ujira ambao Ritsu hakuupata. Baada ya kifo cha kaka yake, Ritsu alijiunga na shule ya ufundi ya wanawake mjini Tokyo, akahitimu na baadaye akafundisha hapo hapo.

Kuhusu amali, sehemu ya tatu ya shukrani, daftari pekee halitoshi. Katika utafiti wa mwaka 2005, Martin Seligman na wenzake waliwataka baadhi ya watu waandike barua ya shukrani kwa mtu aliyewatendea wema na ambaye hawakuwahi kumshukuru ipasavyo, kisha waipeleke wenyewe kwa mkono. Furaha ya waandishi ilipanda sana na ikadumu kwa mwezi mmoja. Msomaji ambaye daftari lake limekwisha kumtaja mtu yule yule mara kadhaa, awe mama, jirani au muuza maji, achukue karatasi ya pembeni, ayanakili yale aliyoyaona kwa maneno yale yale, na ampelekee mwenyewe angali hai.